Hedifoni Iliyopotea Mtito Andei

Jumatatu, 2 Juni 2025

Chini ya kitanda changu kuna hedifoni ya Kijerumani. Mpya. Imo sandukuni mwake, haijafunguliwa. Nimeificha miaka arobaini na mmoja. Hata marehemu mke wangu Ndunge, aliyelala juu yake miaka thelathini na saba, hakujua.

Naandika kwa sababu daktari amesema moyo wangu umechoka. Kifo sikukiogopa. Niliogopa kitanda. Mtu akifa, kitanda chake hutolewa nje. Watu wa Nunguni wataliona sanduku na kusoma kibandiko: jina la kwaya ya kanisa letu, na chini yake, jina la Munyao.

Na Munyao yu hai! Ana miaka sabini na saba na bado anaendesha baiskeli. Hupita hapa makusudi, ili nimwone.

Lazima sanduku liondoke kabla yangu.

Jumanne, 3 Juni

Nimepata mpango. Nilimuuliza Kanyiva, mke wa mwanangu, kama vyombo vya zamani vya muziki vina wanunuzi. Niliuliza kijanja, kama mtu anayeulizia mvua. Akasema wako ng'ambo, wanavikusanya, wananunua mtandaoni. "Na kama hakijafunguliwa, Baba, hao huwa wazimu kabisa!"

Nikaazima simu yake. Nikapiga picha tano, kibandiko nimekifunika kwa kidole gumba. Nikazituma huko mtandaoni.

Jioni Mjapani mmoja wa Osaka akajibu. Ana maswali mawili. Je, muhuri haujaguswa? Na mbona kila picha ina kidole?

Alhamisi, 5 Juni

Mjapani anataka kuona kibandiko. Nimemwambia kimeliwa na mchwa. Anafikiria.

Kanyiva naye ameanza kuchungulia. Nimelifunga sanduku kwa karatasi ya maua iliyobaki kwenye harusi ya mwanangu. Sasa halisomeki. Akili bado ninayo!

Kulishika kumenirudisha 1984. Wafadhili Wajerumani walitutumia mzigo wa hedifoni ili turekodi kaseti. Munyao alikuwa kiongozi wa kwaya, mimi katibu wake. Tulikwenda Mombasa kuuchukua, yeye akatia saini. Wakati wa kurudi, lori likasimama Mtito Andei. Munyao akashuka kunywa supu. Bakuli mbili. Nikauhamisha mzigo ndani ya begi langu, chini ya mashati. Tulipofika Nunguni nikamuuliza, mbele ya wazee wa kanisa, mzigo ameuacha wapi.

Wakamvua uongozi, nikapewa mimi. Tangu siku hiyo anaitwa Supu. Hata wajukuu zake wanamwita Supu.

Kwa nini nilifanya hivyo? Ndunge aliimba sauti ya kwanza, na macho yake hayakubanduka kwenye mikono ya aliyeongoza. Nilitaka mikono hiyo iwe yangu. Basi.

Lo, mazoezi yale ya Jumamosi! Ukungu ukiingia dirishani, karabai ikinguruma, majoho ya kijani yenye harufu ya sabuni ya mche. Leo ningefurahi kusikia hata kikohozi cha watu wa besi. Kaseti tulirekodi mwaka uliofuata, bila hedifoni. Sauti ya Ndunge imo. Ninayo.

Jumapili, 8 Juni

Balaa!

Sikwenda kanisani, miguu imekataa. Leo ilikuwa mnada wa shukrani. Kanyiva alinikuta nimesinzia, akaona mezani sanduku la maua. Akasema moyoni, Baba ameandaa sadaka yake. Akalibeba!

Amerudi akicheka. Anasema waliuza kuku wawili na mkungu wa ndizi, kisha likaja sanduku langu, la Mwalimu Nzomo. Hakuna aliyejua kilichomo, na ndiyo maana bei ilipanda. Mutiso mwenye duka akataja yake, Munyao akapita juu. Mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Supu, hilo nalo usilipoteze!" Kanisa zima likacheka. Munyao akanunua. Kisha, kama ilivyo desturi yetu, akataja anayempa zawadi hiyo: mgonjwa wetu, Mwalimu Nzomo. Ataileta mwenyewe kesho.

Nimekunywa dawa ya leo na ya kesho.

Jumatatu, 9 Juni

Amekuja na baiskeli. Nikamsihi aliache sanduku mlangoni. Akasema zawadi hufunguliwa mbele ya mtoaji. Akairarua karatasi, akavaa miwani. Akasoma kibandiko mara mbili, midomo ikitembea.

Nikakiri. Lori, mashati, Ndunge, yote.

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. Kisha akauliza jambo moja tu. "Mwalimu, Ndunge naye aliniita Supu?"

Nikamwambia hakuwahi, hata siku moja. Na hiyo ni kweli.

Akasema Jumapili nitasimama niliambie kanisa mwenyewe, na kama siwezi kusimama, atanibeba na kiti. Nikakubali. Halafu akaupasua muhuri kwa ufunguo wa baiskeli. "Osaka!" nililia. Hakuelewa.

Sponji ya masikioni ikatumwagikia magotini kama unga. Tukaichomeka hedifoni hivyo hivyo kwenye redio yangu ya kaseti. Sikio lake la kulia limekufa, langu la kushoto limekufa. Tukagawana, kila mtu upande mmoja, vichwa vimegusana kama mbuzi kwenye birika la maji.

Ndunge akaimba. Munyao akainua mikono, akaanza kuongoza. Nikamwacha aongoze.

Akiaga, akasimama mlangoni. Akasema anakumbuka kama alitia saini ya masanduku mawili. Nikamwambia uzee hufanya hivyo, lilikuwa moja. Akaniomba msamaha kwa kunishuku.

Jumanne, 10 Juni

Nimelala vizuri. Hotuba ya Jumapili iko tayari, inaliza. Inasema "hedifoni ile moja" mara nne.

Mjapani ameuliza kama sanduku bado lipo. Nimemjibu lipo, muhuri haujaguswa, ila kibandiko kimefunikwa na nta. Limo ndani ya mzinga wa zamani, stoo. Kanyiva anaogopa nyuki.

Munyao anakumbuka vizuri. Zilikuwa mbili.