Sahani ya Debe na Vyungu vya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Oktoba 1977
Siku yangu imefika! Mama mkwe ameleta vyungu vya pombe ya harusi ya shemeji Loisi, nivichome kwenye tanuri la dizeli la karakana ya vigae hapa Chapwa. Osea, mwanyumba wangu aliyeoa dada wa mke wangu, alitaka kuvichoma shimoni kwa kuni. Shimoni! Nikatangaza mbele ya watu kwamba mtambo wangu wa kuongoza moto haukosei. Saa yake huzungusha sahani ya bati, na mkono wa bomba la dizeli hufuata ukingo wake. Ukingo wa sahani ukipanda, moto nao unapanda. Ila taratibu mno, mpaka kesho! Nimekata sahani nyingine kwenye debe, yenye mlima mkali. Osea atakoma.

Jumanne, 4 Oktoba
Moto umepanda mbio. Kabla ya adhuhuri: pu! Kisha pu, pu, pu. Nikawaambia watu mtambo unakohoa. Udongo ulikuwa bado na unyevu, unyevu huo ukageuka mvuke ghafla na kuvipasua vyungu. Nilijua! Mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu jambo hilo. Aibu gani hii, jamani.

Jumatano, 5 Oktoba
Vipande vitupu. Mama mkwe akaja. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani, basi nikajibanza nyuma ya rundo la vigae, nikishukuru mila. Osea akamsaidia kuzoa vipande. Bora angecheka! Mama akamwambia mke wangu Enesi, kwa sauti ya kunifikia, kwamba yaliyomwagika hayazoleki. Atafinyanga vingine, ila moto usiharakishwe tena. Nililia, mtu mzima na ndevu zangu.

Jumatatu, 24 Oktoba
Harusi ilisogezwa mbele kwa ajili yangu, na kijiji kizima kinajua. Watoto wakiniona wanasema pu! Lakini mama ameleta vyungu vipya, kwangu tena, si kwa Osea. Sistahili. Nimerudisha sahani ya zamani na kukalia mikono yangu.

Jumanne, 25 Oktoba
Moto umefika juu, hakuna mlio! Nimechungulia tunduni: vyekundu, vizima vyote. Enesi amenisemesha kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Sasa sahani inashuka, nayo taratibu vilevile, eti vyungu visipasuliwe na baridi ya ghafla, mpaka kesho kutwa. Na Osea kaja, kakaa kwenye benchi, anapiga miayo makusudi! Mama mkwe alikataza kuharakisha moto. Kuhusu kupoa hakusema neno. Nimefungua mlango wa tanuri wazi kabisa, Osea aone kazi.

Kuna kitu kimelia ta! Kimoja tu. Nadhani ni bawaba.