Kilo Ishirini Zangu na Kifundo cha Mguu Ulichoninyima

Kwa Daktari Gikonyo wa mifupa,
Isiolo.

Salaam aleikum, na kama salamu hiyo si ya kwenu, basi habari ya asubuhi.

Mimi Gababo Ado nimetembea kwa miguu yangu kutoka Chechelesi nikuletee barua hii. Haya, nilibebwa na bodaboda, na kwa kile kilima kijana alisema, "Mzee, shuka kidogo pikipiki ipumue."

Umekataa kuniwekea kifundo cha chuma mpaka nipunguze kilo ishirini. Nalalamika kwa heshima zote:

1. Ulinipima na koti, na tumbo limejaa maziwa ya ngamia. Sokoni, anayenywesha ng'ombe maji kabla ya mzani tunamwita mwizi. Toa maziwa yangu kwa hesabu yako.

2. Nikikonda, Isiolo nzima itasema mifugo yangu imekufa. Wanunuzi watanibembeleza kama mjane.

3. Umesema kwa mtu mnene kidonda huchelewa kupona, na chuma kinaweza kulegea mapema, upasuaji urudiwe. Lori la mbuzi likivunja springi, fundi huongeza springi. Sijasikia fundi akimwambia mwenye mbuzi awakondeshe kwanza.

4. Ulikubali kwa mdomo wako kwamba wanene wengi waliowekewa wamepungukiwa na maumivu, wanatembea. Halafu ukaniambia nitembee ndipo nipungue. Nitembee na mguu gani, Daktari? Huo mzima uko peke yake, na umechoka kubeba jirani.

5. Kama kilo ni sheria, tuanze na wakubwa. Kila ofisa wa kaunti apimwe kabla ya kukalia kiti. Na wewe pia, mwanangu: siku ile tumbo lako liliingia chumbani, tukangoja kidogo, ndipo ukaingia wewe.

Mimi sitaki kukimbia. Nataka kusujudu. Mwaka wa pili huu nasali juu ya kiti cha plastiki, na Huqa, rika langu, ananiita mheshimiwa mbele ya watu. Paji langu la uso limesahau mkeka. Hapo sichezi.

Nisalimie wodi yote, hata nesi Njeri aliyetangaza kilo zangu mpaka foleni nzima ikageuka.

Ni mimi, mgonjwa wako mzito,
Mzee Gababo Ado

N.B. Mwaka jana ulikuja sokoni kutafuta kondoo wa sikukuu, ukamshika yule mnene kuliko wote. Nikakukataza: huyu miguu haitamfikisha kwako, chukua yule mwembamba. Akafika akitembea. Ukasema nikiwa na shida nikuambie. Basi mwandikie mke wangu Ubah, na mhuri upigwe, aache kunitilia samli kwa chai. Mimi nikimkataza anacheka, anaongeza kijiko. Na tafadhali, asijue ni mimi nimeomba.