Tume Yaipiga Marufuku Linux

Tume ya Michezo ya Mtandaoni ina heshima kuutangazia umma kwamba mchezo wa Kuta Saba sasa ni salama kabisa. Mimi ni Katibu Msaidizi, Kitengo cha Michezo Isiyo na Nyasi. Nilikuwepo tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna haja ya kusikiliza maneno ya vijiweni.

Kuta Saba huchezwa na watu wengi kwa pamoja kupitia mtandao. Timu mbili zinawindana ndani ya mji uliobomoka, na anayepigwa risasi hubaki chini akiwasikiliza wenzake mpaka mwisho. Mwenyekiti wetu huucheza ofisini, mlango ukiwa umefungwa. Muda huo huitwa mashauriano ya kimkakati.

Jumamosi moja alitoka kwenye mashauriano amevimba. Mchezaji anayejiita Sindano alikuwa amempiga risasi mchana kutwa. Tukafuatilia, tukakuta Sindano anatumia Linux, mfumo wa kompyuta usiouzwa, ambao mwenye kompyuta anaweza kuufungua na kuugeuza apendavyo. Mwenyekiti alifikiri kidogo. Akasema mtu anayeamrisha kompyuta yake mwenyewe ni mwizi tayari, kilichobaki ni kumkamata tu.

Tulimwita Sindano. Akaja mama mmoja fundi cherehani, uzi umemning'inia begani. Alieleza kwamba kompyuta yake ni kuukuu, mfumo wa zamani uliifanya ihemee juu juu kama mgonjwa, ndipo mteja wake akamwekea Linux. Mdogo wake ni muuguzi nchi ya mbali, na hawajaonana tangu wamzike mama yao. Kila Jumamosi mchana wanaingia Kuta Saba, wanajibanza nyuma ya ukuta, wanapiga soga.

"Kwani hamna simu?" Mwenyekiti akauliza.

"Kwenye simu tunaishia kulia," fundi akasema. "Kule angalau tuna kazi ya kufanya."

Mjumbe mmoja alitaka kujua amejifunzia wapi kulenga vile. Akajibu kwamba anashinda akitunga uzi kwenye sindano. Hilo tuliliandika kama kukiri kosa.

Marufuku ilipita kabla ya chai. Kila mchezaji alitakiwa kutumia mfumo ulioidhinishwa, na ndani yake kuweka Mlinzi, programu inayopekua kompyuta nzima na kumtimua anayechakachua. Mlinzi hakutengenezwa kwa ajili ya Linux. Fundi aliuliza kama anaweza kutengenezwa. Tukamwambia suala lake linafanyiwa kazi, naye akaelewa kwamba limekufa. Akaomba aingie Jumamosi moja tu, amuage mdogo wake. Nilimfahamisha kwamba kuaga si miongoni mwa huduma zetu.

Uzinduzi ulifanyika ukumbini mbele ya waandishi wa habari. Kompyuta ya Mwenyekiti ilishushwa kutoka ofisini, mchezo ukaonekana kwenye skrini kubwa nyuma yake. Alimwasha Mlinzi kwa mkono wake, akaingia. Alikuwa anawapiga watu hata kabla hawajajitokeza, nasi tukashangilia. Ndipo skrini ikawa nyekundu, yakatokea maandishi: mchezaji huyu ana programu ya kuona nyuma ya kuta, amefukuzwa maisha.

Niliwaeleza waandishi kwamba kiongozi hana budi kuona mbali, na kuta hazipaswi kumzuia. Mmoja wao akauliza, ikiwa alikuwa anaona nyuma ya kuta, fundi cherehani alikuwa anampigaje. Nikamwomba alete swali hilo kwa maandishi.

Mwenyekiti alijaribu kurudi mchezoni kwa kompyuta ya nyumbani, kisha kwa ya mkewe. Mlinzi akazifunga zote mbili. Tuliwasihi waliomtengeneza wamlegeze, wakatukumbusha kwamba tuliagiza mlinzi asiyesikiliza mkubwa wala mdogo. Mahali pekee asipofika palikuwa Linux.

Kwa hiyo, kwa maslahi ya umma, Tume imeamua kwamba Linux ni haki ya kila mchezaji, na anayeipinga hatakii taifa mema. Mwenyekiti amekuwa wa kwanza kuwekewa, akajisajili upya kwa jina jingine. Kwa bahati mbaya, ile programu yake ya kuona nyuma ya kuta nayo haifanyi kazi humo.

Jumamosi nilipangwa timu moja naye, kama msindikizaji. Tuliingia uchochoro mmoja, tukasikia sauti za wanawake wawili nyuma ya ukuta. Mmoja alikuwa anaeleza jinsi bosi wake anavyomzungusha kuhusu likizo. Mwenyekiti aliniashiria ninyamaze, akanyata mpaka pembeni, akachungulia.

"Ngoja kidogo, mdogo wangu," ikasema sauti ya pili.

Ulisikika mlio mmoja. Mwenyekiti akalala chali kwenye vumbi.

"Haya, endelea. Wamekupa lini?"

"Mwezi ujao, dada. Nakuja."

Nikamsikia fundi analia. Mimi nilikuwa na nafasi nzuri ya kumpiga. Mwenyekiti, kutoka pale chini, alikuwa ananiamuru nifanye hivyo, lakini kwa mujibu wa kanuni tulizozipitisha wenyewe, maneno ya aliyekufa hayana nguvu ya kisheria.