Zege Hana Mbio

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu. Nampenda mwanamume mwenye uzito wa lori la simenti. Hana shingo. Hatabasamu. Tena hayuko duniani: yumo ndani ya gemu, kwenye televisheni ya Anko Erastus, kinyozi wetu hapa Changamwe. Nusu ya duka lake ni viti vya kunyolea, nusu ni benchi la wachezaji. Jina halisi la mpenzi wangu ni la kigeni na hakuna anayeweza kulitamka. Sisi tunamwita Zege.

Ubora wa Zege: kofi lake moja linashusha mstari wa damu wa mwenzake juu ya skrini kama maji ya tangi lililotoboka. Akikukumbatia, umekwisha. Ngumi ndogo ndogo hazisikii. Anapita katikati yake kama mtu anayepita kwenye manyunyu.

Udhaifu wa Zege: hana mbio. Akiruka, naweza kusoma aya nzima kabla hajatua. Na kwa ukubwa ule, hata anayerusha mshale akiwa amefumba macho atampata.

Leo Anko Erastus ametangaza shindano. Ni Jumamosi. Mshindi atatuwakilisha kule Bamburi dhidi ya Kisauni na Likoni, na jina lake litaandikwa kwa chaki mlangoni, herufi kubwa. Nalitaka jina hilo mlangoni! Pale dukani hakuna anayenijua. Mimi ni "yule msichana wa vitabu".

Kizuizi ni kimoja: Lenox. Anamchezesha Nyigu, kibinti chepesi kinachorusha mishale kutoka mbali kisha kukimbia. Leo amenishinda bila Zege kumgusa hata ukucha. Halafu akaniambia, kwa upole kabisa, "Dadangu, hilo lako si bondia, ni ghorofa. Ghorofa halipigani. Linangoja kubomolewa."

Jibu nimelipata sasa hivi, nikiosha miguu. Lilikuwa jibu zuri sana.

Jumanne, 8 Aprili

Mpango wa kwanza: mazoezi. Ili Zege akumbatie, kidole gumba lazima kizungushe kijiti cha padi ya kuchezea duara kamili, upesi. Nyumbani hatuna padi. Mwiko upo. Nikasonga sima kwa maduara kamili, upesi, mpaka sufuria ikaanza kutembea.

Hawe, yaani nyanya yangu, akaonja. Akaonja tena. Kisha akawatangazia majirani kupitia uani kwamba mjukuu wake sasa anaweza kuolewa. Nikamweleza kwamba najifunza kupigana. Akasema ni yale yale.

Matokeo: gumba limetoka lengelenge. Dukani Zege ameshinda kutwa akikumbatia hewa. Nyigu alikuwa upande wa pili wa skrini, akirusha mishale kama anayelisha kuku.

Jumatano, 9 Aprili

Mpango wa pili: sayansi. Asubuhi nilikwenda dukani kuchunguza jua linaingilia wapi. Mwisho wa benchi, upande wa dirisha, mtu haoni kitu. Alasiri nikawahi, nikakaa kivulini, nikamwachia Lenox dirisha. Kumbe jua nalo lina ratiba yake! Kufikia alasiri lilikuwa limehama, likanimulika usoni raundi zote. Nilimpiga ngumi mti wa mapambo uliokuwa nyuma ya Nyigu. Kwa muda mrefu.

Na mimi ndiye niliyeongoza darasa katika Jiografia.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimepata! Nimeupata udhaifu, na si wa Nyigu. Ni wa Lenox mwenyewe.

Leo alikuwa katikati ya raundi na kijana mwingine. Mzee Thoya, mteja, akaingia kunyolewa. Lenox akaweka padi chini. Akasimama. Akampa mzee mikono miwili, shikamoo, akauliza nyumbani hamjambo, mbuzi wa Kaloleni hawajambo, goti je. Kwa Anko Erastus gemu haisimamishwi hata nyumba ikiungua, kwa hiyo Nyigu akasimama tu pale kama mtoto aliyesahauliwa sokoni, akipigwa. Lenox aliporudi alikuwa ameshindwa. Hakulalamika. Alisema mzee hasalimiwi kwa kisogo.

Malezi bora. Nitayatumia.

Zege anahitaji nini? Muda wa kufika. Na ni nani katika Changamwe nzima mwenye salamu ndefu kuliko zote? Hawe wangu! Huyo akikusalimia anaanza na wewe, anapita kwa wazazi, anawafikia waliokufa, ndipo anaingia zizini.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemwambia Hawe kwamba pale kwa kinyozi kuna kijana ambaye mama yake ni mtu wa Rabai kama yeye, na kwamba kijana huyo anatamani sana kumwamkia. Si uongo kamili. Mama yake kweli ni mtu wa Rabai. Hawe amefurahi mno. Ameuliza aje saa ngapi. Nikamwambia kesho alasiri, akae kwa jirani wa duka, asikilize. Akisikia kelele zimezidi, aje.

Anasema atakuja na mahamri. Moyo umeniuma kidogo, kisha nikafikiria chaki, ukapoa.

Jumamosi, 12 Aprili



Nilifika fainali. Mimi! Wote niliopambana nao mwanzo walimsogelea Zege wenyewe, na anayemsogelea Zege amejikumbatisha. Nikabaki na Lenox. Raundi ya kwanza yake. Ya pili yangu, maana aliteleza akaruka mahali pabaya. Ya tatu, ya mwisho: Zege amebanwa pembeni, damu imebaki uzi. Nyigu mbali kabisa, damu yake karibu yote ipo. Mshale mmoja tu ungetosha. Duka zima likapiga kelele.

"Hodi hapa," akasema Hawe mlangoni.

Lenox akaweka padi chini.

Akasimama, mikono miwili, shikamoo Hawe. Hawe akaitikia, akaishika ile mikono, akaanza safari. Mama yako hajambo? Na wa Rabai? Na yule mjomba wa mguu? Zege naye akaanza safari yake. Ee Mungu, alivyotembea! Hatua, kisha anafikiri, kisha hatua. Saa ya raundi juu ya skrini inapungua. Hawe yuko kwa shangazi, Zege yuko katikati ya uwanja. Hawe yuko kwa marehemu, Zege amekaribia. Hawe amefika kwa kuku. Zege amefika kwa Nyigu! Akainua mikono yake miwili kama milango ya godauni. Gumba langu, lengelenge na yote, likaanza duara.

"Sidi," akaita Hawe.

Niseme nini? Nimeitwa hivyo tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni. Mdomo ukasema "Abee." Miguu ikasimama. Padi ikaanguka.

Hawe alitaka kujua kwa nini namwonyesha kisogo, na kama hapa hakuna kiti cha mgeni. Nikaleta kiti. Nikapokea mahamri. Nilipogeuka, Zege alikuwa ameshusha mikono, amesimama uso kwa uso na Nyigu kama watu wawili kwenye foleni ya maji. Saa ikaisha. Muda ukiisha, anashinda mwenye damu nyingi.

Lenox ameshinda fainali akiwa ameshikwa mikono na nyanya yangu, akijibu habari za kuku.

Kisha Anko Erastus akaanza kucheka mpaka akalazimika kukaa kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea. Tukacheka wote, tukala mahamri, Hawe akasema duka lina watoto wazuri ila televisheni ina watu wasiosalimiana.

Lenox akanijia. Akasema Bamburi kuna mtu anayemchezesha Zege, tena vizuri, na hapa hakuna anayelijua jitu lile ndani na nje kuliko mimi. Twende wote, nikae kando yake, nimwambie lini akimbie. Akaongeza, "Kwa hiyo jina lako ni Sidi. Muda wote huo nakuita dadangu."

Mlangoni sasa pameandikwa LENOX. Chini yake, kwa herufi ndogo kidogo, NA SIDI. Nimepita pale mara kadhaa bila shughuli yoyote.

Jumapili, 13 Aprili

Leo Jumapili ya Matawi. Wakati wa mahubiri nimeona kosa la jana lilikuwa wapi. Mpango ulikuwa sahihi kabisa. Kasoro ni kwamba Hawe alikuwa na ruhusa ya kuniita.

Kwa hiyo: Bamburi twende na Hawe. Atawasalimia wa Kisauni kwanza, kisha wa Likoni. Lenox nitamtia pamba masikioni. Mimi nitafanya mazoezi ya kutoitika.

Tuliporudi kutoka kanisani nimeanza. Nilimwomba Hawe akae uani aniite kila anapokumbuka. Nikakaa sebuleni mbele ya ukuta, nimeshika rimoti kama padi kwa mikono miwili, nimekaza meno, nimemwaza Zege.

Hawe akaita.

Nikasema abee, nikaweka rimoti chini, nikaenda. Alikuwa anataka chumvi. Nikampa chumvi, nikarudi kukaa mbele ya ukuta.