Ukoo Mzima Ndani ya Baruapepe ya Aizirek

Jumatatu, 2 Septemba

Amepata! Binti yangu Aizirek amepata ufadhili wa chuo kikuu Bishkek, miaka minne! Habari imeingia kwenye baruapepe aliyopewa na chuo. Sharti: arudishe fomu yenye sahihi ya babake, kwa baruapepe hiyohiyo, kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni. La sivyo anapewa mwingine. Baba yuko malishoni na kondoo, anashuka Alhamisi. Hakuna shida.

Nimezunguka nyumba zote nikipaza sauti, "Suyunchu!" Mleta habari njema hatoki mikono mitupu: nimepewa skafu mbili na kuku. Wifi yangu Zuura hakutoa hata sindano. Eti hatoi zawadi kwa habari asiyoiona kwa macho yake. Siku hizi hata barua za chuo zinanunuliwa. Zinanunuliwa!

Jumanne, 3 Septemba

Utaona, Zuura! Neno la siri la Aizirek nimelikuta kwenye daftari lake. Nimelipiga picha, nikalituma kwenye kundi la ukoo, watu sabini na wanne. Ingieni, jisomeeni! Wameingia wa Osh, wa Almaty, wa Moscow. Shemeji wa Moscow kalia kwa furaha. Zuura kaingia mara mbili. Raha iliyoje!

Alhamisi, 5 Septemba

Balaa. Baba kashuka, sahihi kaweka, baruapepe imefungwa! Chuo kinasema imefunguliwa kutoka miji tisa, basi imeibwa. Aizirek kaniuliza, "Mama, umempa nani?" Nikamwambia sijampa mtu baki hata mmoja. Kalia. Nami nikalia, kwa sauti zaidi.

Ijumaa, 6 Septemba

Tumetoka kwetu Naryn alfajiri, Bishkek tumefika mchana. Ofisi ya kompyuta ina bibi mmoja wa miwani, Bi Kalipa, mkali! Kasema neno la siri hapewi mtu, hata mume. Nikamjibu mume wangu ndiye pekee ambaye hajaingia, mlimani hakuna mtandao. Hakucheka. Aizirek alipoandika neno jipya, nikaamriwa nigeukie ukuta. Mimi niliyemzaa!

Fomu imekwenda saa kumi na dakika arobaini. Jibu: imepokelewa. Nilimkumbatia Bi Kalipa mpaka miwani ikaanguka.

Jumapili, 8 Septemba

Nimejifunza. Siri ni siri. Aizirek kaniapisha, nimeapa.

Lakini furaha kama hii haiwezi kupita bila kuchinja. Leo kaenda kuoga, kompyuta kaiacha wazi, na humo nikaona anwani moja inayofikia chuo kizima, hadi kwa mkuu! Nimewaalika wote, kwa jina la Aizirek, ndiyo heshima. Bi Kalipa nimemtaja wa kwanza. Na ili kila mtu aingie mwenyewe aandike anakuja na wangapi, chini nimeweka neno jipya la siri. Lilikuwa kwenye kikaratasi ndani ya soksi yake, masikini, kumbe ndiko alikodhani sitatazama.

Kondoo ni watatu. Zuura naye aje ajionee. Jumamosi tarehe 14, saa saba mchana, kwetu.