Jinsi Nilivyolinyamazisha Tangi la Baba Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Baba mkwe yuko kwetu tangu apooze upande wa kushoto. Alikuja na sanduku la nguo, redio isiyoshika stesheni, na tangi la samaki la maji ya chumvi ambalo limemeza ukuta mzima wa sebule. Tangi lote hilo, samaki mmoja. Wa rangi ya chungwa, mistari myeupe, urefu wa kidole. Anaitwa Bibie. Alinunuliwa na marehemu mama mkwe, na sasa ndiye pekee ambaye mzee huzungumza naye kwa upole.

Mimi ananiita "yule". Mwambieni yule anisogezee kiti. Miaka yote ya ndoa, yule! Mwanyumba wangu, aliyemwoa mdogo wa mke wangu, anaitwa "mwanangu". Ndiye aliyefunga mabomba ya tangi hili, na hapiti mgeni bila kuambiwa. Humu ndani ya shajara nimembatiza Bwana Mkamilifu.

Kazi yake yenyewe inakoroma. Tangi lilitoka kiwandani likiwa na matundu mawili chini, pembeni, kila moja na bomba lililosimama ndani hadi karibu na uso wa maji. Kwa tundu moja maji hushukia kwenye tangi dogo la kabatini, yakachujwa. Kwa la pili pampu huyapandisha tena. Yakishuka yanameza hewa, na kelele yake ni ya mtu mnene aliyelala chali. Mke wangu anasema ameshazoea. Mimi sijazoea.

Nimepata wazo. Nitalinyamazisha tangi. Nitakuwa nimefanya alichoshindwa Bwana Mkamilifu, na mzee ataniita mwanangu. Sitaki kingine.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimemwomba mzee ruhusa. Akauliza kama mwanangu ana habari. Nikasema anazo. Hana.

Mzee macho yamefifia, anaona mwanga na vivuli tu. Kila asubuhi mke wangu humkalisha kando ya tangi, naye huzamisha kidole cha mkono mzima. Bibie huja akamdonoadonoa. Mzee hutabasamu. Ndilo tabasamu lake la kutwa nzima, na lote linaishia kwa samaki. Nimekaa hapo karibu leo nikitabasamu pia, labda abakize. Hakubakiza.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siku ya kazi! Mke wangu alikwenda sokoni akiniomba nisiguse kitu. Nikamwitikia vizuri.

Bomba la kushusha nimelifungia koki. Siri ni kuibana koki mpaka maji yajae bomba zima, hewa ikose pa kuingilia. Niliibana, nikailegeza, nikaibana. Mara mafuriko kidogo kwenye zulia, si haba. Kisha ghafla, kimya. Nilisikia saa ya ukutani kwa mara ya kwanza tangu mzee aje.

Nikageukia bomba la kupandisha. Mdomo wake ulikuwa karibu na uso wa maji, unatoa mchirizi wa kuudhi. Nikaliungia kipande, mdomo ukashuka hadi karibu na mchanga. Na hapo ndipo nilipoigundua aibu ya Bwana Mkamilifu. Kitobo! Kidogo, cha kuingia kijiti cha kibiriti, juu kabisa ya bomba, kinarusha maji pembeni. Fundi gani huyu anaacha bomba linavuja? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikakiziba kwa gundi, nikapaka mara mbili.

Mke wangu aliporudi alisimama mlangoni, akauliza nani amezima pampu. Nikamwambia aangalie mwenyewe. Aliangalia. Hakunipongeza, lakini hakunigombeza pia, na katika nyumba hii hayo ni mafanikio.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Bwana Mkamilifu na shemeji walikuja kumwona mzee. Nikamkalisha mwanyumba kando ya tangi kwa makusudi, nikanyamaza, ili ausikie ukimya. Aliusikia. Akainama akachungulia mabomba, uso ukamshuka. Wivu, wazi kabisa. Akaanza kusema jambo kuhusu bomba la kupandisha na umeme ukikatika. Nikammiminia chai. Akaanza tena. Nikamwongezea, ikafika ukingoni, akawa hana budi kuinywa. Mtu akishindwa na akubali kiungwana.

Mzee ameuliza mara kwa mara kama tangi limezimwa. Nikamweleza kwamba huo ni utulivu, aufaidi. Akaomba asogezwe karibu zaidi. Akalaza sikio kwenye kioo. Bado hajazoea.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Mzee hakula jana, na leo kaonja tu. Mke wangu ameniita jikoni, akafunga mlango. Dalili mbaya.

Akasema baba yake haoni, kwa hiyo alikuwa anasikiliza. Mkoromo ule ulikuwa unamwambia kwamba Bibie yu hai. Ukinyamaza, maana yake umeme umekatika, naye humbonyezea simu yeye bintiye, yeye anampigia jirani, jirani anakuja na kipampu cha betri cha kumpulizia samaki hewa. Ndivyo walivyoishi wao watatu, mzee, samaki na jirani, mchana kutwa sisi tukiwa kazini. Sikuwa najua. Akaniomba niirudishe kelele.

Nilijisikia vibaya, sitaficha. Lakini kuirudisha kelele ni kumkabidhi Bwana Mkamilifu ushindi kwenye sinia. Nikasema nitairudisha Jumamosi. Kufikia hapo mzee atakuwa ameshauonja utamu wa kimya.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Umeme ulikatika asubuhi, tulipokwisha kutoka.

Pampu ilisimama, na maji yakaanza kurudi chini kupitia bomba lile lile la kupandishia, yanavutana yenyewe kama petroli kwenye mpira. Kitobo kilikuwa cha kuingiza hewa ili mvuto huo ukatike. Ndiyo kazi yake. Nami nilikipaka gundi mara mbili. Na mdomo wa bomba nilikuwa nimeuteremsha karibu na mchanga, basi tangi likajimwaga karibu lote, kabati likafurika, sebule ikawa bwawa.

Mzee alikuwa amekaa pale pale, kando ya kioo. Hakusikia chochote. Kimya cha umeme kuwepo na kimya cha umeme kutokuwepo ni kimya kile kile. Hakupiga simu. Miguu yake ilikuwa imelowa mpaka vifundoni, na aliponisikia naingia akauliza kama nimemwaga ndoo.

Bibie alikuwa amelala ubavu kati ya mawe. Nilimgusa. Nikamgusa tena. Nikamwambia mzee ndiyo, nimemwaga ndoo.

Mke wangu alilia bafuni, bomba akilifungulia maji baba yake asisikie. Nikamsihi anipe siku moja, nitafute samaki wa kufanana. Nimemweka Bibie kwenye kikopo, upande wa barafu wa friji, chini ya njegere. Tangi nimelijaza upya.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nimezunguka maduka yote. Wapo wa bluu, wa njano, mmoja mwenye sura ya hakimu. Wa chungwa hakuna. Huku mzee alikuwa ameshaomba kidole chake kipelekwe majini asubuhi, mke wangu akamdanganya kwamba Bibie bado amelala. Jioni hakukubali kudanganywa tena.

Nilipiga moyo konde. Nikasimama upande wa pili wa tangi, nikakunja shati hadi begani, nikazamisha mkono taratibu. Mzee akazamisha kidole. Nikamdonoa kwa kucha. Polepole, kwa heshima, kama nilivyomwona Bibie akifanya. Nikamdonoa tena. Mke wangu aliziba mdomo kwa kanga.

Mzee akaupapasa ukucha wangu kwa kidole. Hakutabasamu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini sana, "Mwanangu, toa mkono wako majini."

Nikautoa. Akaomba apewe Bibie. Nikaleta kikopo. Alimshika kwenye kiganja kizima, akampapasa kwa kidole gumba mpaka barafu ikayeyuka, akasema sasa hana tena wa kumsimulia habari za mkewe. Hakunilaumu. Laiti angenilaumu. Nilitoka nje nikasimama karibu na pipa la taka, nikalia.

Lakini alisema mwanangu. Mke wangu ni shahidi.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Mzee amehamia kwa Bwana Mkamilifu. Alichukua sanduku la nguo na redio. Tangi ameliacha. Mke wangu haongei nami ila kwa mambo ya lazima, kama chumvi na funguo. Mwanyumba alinieleza kazi ya kitobo, kwa upole, mbele ya shemeji, na nikavumilia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nimemwuliza mke wangu kama alisikia baba yake alivyoniita siku ile. Akasema baba hakuona ni mkono wa nani. Alidhani ni wa mwanyumba. Nimelitafakari hilo kutwa nzima na silikubali. Ila ili kuondoa shaka inabidi aniite tena, mchana kweupe, mashahidi wakiwepo.

Leo tulipokwenda kumsalimia, nilisikia kiti chake kipya cha magurudumu kinalia kila kikisukumwa. Kelele ya kukera, na Bwana Mkamilifu hata haisikii. Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu, nikachungulia chini. Upande wa breki kuna nati moja ambayo haina kazi yoyote. Kesho narudi na spana.