Shati Nililolifukia Nyuma ya Jiko la Shule

Jamani, leo nimeaibika. Nimeaibika mbele ya Kidato cha Pili kizima, mkuu wa shule na mpishi.

Mnajua nafundisha baiolojia huku Unyambwa. Mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea, tulichimba mashimo nyuma ya jiko tukafukia maganda ya viazi, majani ya alizeti, chupa ya plastiki na kipande cha nguo ya pamba. Wanafunzi waone kipi kinaoza na kipi hakiozi. Nguo nilitoa mimi. (Hakikuwa kipande. Lilikuwa shati zima la Msengi.)

Msengi alikuwa mwalimu wa hesabu hapa, na mchumba wangu. Mwaka jana alihamishiwa Itigi. Mwanzoni alipiga simu kila jioni, baadaye Jumapili tu, baadaye kimya. Shati aliliacha kwangu siku aliyonipakia rangi sebule. Nikawa nalala nalo. Mwisho nikasema hapana, nitachakaa mtoto wa watu. Nilifukie, bakteria wanisaidie!

Leo tukafukua. Nikaanza kwa madaha:

"Nyumbani kitu kikioza mnasema kimeharibika, kitupwe. Kwenye sayansi kuoza ni kazi. Vijidudu wanakivunjavunja, mimea inakula. Hakijapotea, kinatumika kwingine."

Ntandu wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Madam, mtu akisema amekufa ameoza kwa fulani, ni bakteria hao hao?"

"Hiyo haiji kwenye mtihani. Chimba!"

Maganda hayapo, udongo mweusi tu. Majani yamebaki nyuzi. Chupa nzima. Tukafika kwenye nguo. Nilitegemea matambara, na nilishajiandaa kufurahi. Ntandu akavuta. Akavuta tena. Likatoka shati zima! Mistari ya kijani, vifungo vyote, kola imesimama. (Pamba tupu, alikuwa ananiapia. Mwongo!)

"Madam, hili si la mwalimu Msengi? Lile la kila Ijumaa!"

Hapo ningecheka yakaisha. Badala yake nikalichukua, nikalikung'uta, nikawapa wanafunzi mgongo. Nikalinusa.

Nilimkumbuka mno. Lilinuka udongo tu, lakini nikanusa tena, namtafuta. Nikafumba macho kabisa. Nilipofumbua, mkuu wa shule amesimama mbele yangu, pembeni yake Mama Nkuwi, mpishi, na mwiko wake. Nyuma yangu darasa zima linanitazama. Mimi machozi, na udongo puani.

"Mwalimu," mkuu akasema taratibu, "na hilo ni jaribio?"

"Ndiyo, mkuu. Tunatumia... milango ya fahamu."

Mama Nkuwi akatikisa kichwa. "Mwanangu, lete nikufulie. La nailoni hilo, hata ungelifukia miaka kumi."

"Shikamoo mama," nikajibu. (Sijui kwa nini. Tulishasalimiana asubuhi.)

Mchana nikasahihisha madaftari. Ntandu kaandika: "Matokeo: shati halijaoza. Sababu: Madam bado anamsubiri."

Nilishika kalamu nyekundu muda mrefu, nikitafuta kosa. Sikuliona. Nikampa vema.

Msicheke, nawaomba. Na mlioko Itigi, msithubutu kumwambia Msengi. Labda akiuliza.